Taa ya Njano Kabla ya Senjele

Malori mengi yanayopita Vwawa yakitokea Tunduma yamebeba shaba ya Zambia na Kongo, na mengine yamelala foleni mpakani hadi vumbi limeyaingia kila mahali. Mimi ni fundi umeme wa magari kando ya barabara hii ya TANZAM. Dereva anayesimama kwangu mara nyingi analalamikia jambo moja: taa ya njano ya breki za tela imewaka kwenye dashibodi, na akienda Mbeya lazima aushuke Mlima Senjele.

Kabla sijashika bisibisi namuuliza, "Suka, iliwaka lini?" Jibu lake linanipunguzia nusu ya kazi. Ukifungua swichi, taa hiyo ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasikwame, huwaka kidogo wakati kompyuta ya tela inajipima, halafu huzimika. Kwenye baadhi ya magari husubiri kwanza lori litembee. Ikiwa haizimiki kabisa tangu swichi ifunguliwe, natafuta umeme: fyuzi, kebo, soketi. Ikiwa ilizimika, kisha ikarudi lori likiwa kwenye mwendo, naelekea kwenye magurudumu.

Wengi wanakimbilia kununua kompyuta mpya. Mimi naanza na ile kebo iliyojiviringa kati ya kichwa na tela, maana inavutwa kwenye kila kona, inasugua chuma, na msimu wa mvua inanyweshwa maji. Kuna kebo ya pini 5 na ya pini 7, na ukiziangalia kwa nje ni pacha. Pini mbili za ziada ndizo njia ambayo kompyuta ya kichwa na ya tela huitumia kuzungumza. Tela la kisasa la EBS, yaani lenye breki zinazoongozwa kwa umeme, likifungwa kebo ya pini 5, mazungumzo yanakatika na taa inawaka, ingawa hakuna kilichoharibika. Utingo aliyeazima kebo kwa jirani kwenye foleni hawezi kulijua hilo.

Kipimo cha mita peke yake hakinitoshi. Waya ulioliwa na kutu, ukabaki na nyuzi mbili tatu, bado utaonyesha volti 24. Natumia balbu ya wati 21: nikiigusisha na umeme wa pini halafu ardhi yake, ikawaka kwa unyonge, nimeshapata mgonjwa.

Kwenye gurudumu kuna sensa, yaani koili na sumaku, inayotazama pete ya meno ndani ya habu. Meno yakipita mbele yake, umeme mdogo unazaliwa, na kompyuta inajua gurudumu linazunguka au limekwama. Napima koili, nyingi huwa kati ya omu 1,000 na 2,000. Kisha tela linainuliwa kwa jeki, gurudumu linazungushwa kwa mkono, mzunguko mmoja kwa sekunde mbili hivi, na mita iliyowekwa kwenye umeme wa AC inapaswa kuonyesha walau volti 0.2. Ikipungua, mara nyingi sensa imesogea mbali na pete. Naisukuma kwa kidole hadi iguse. Pete yenyewe itaipa nafasi yake. Ikirudi nyuma tena baada ya safari fupi, beringi zimelegea, na hapo namkabidhi fundi wa magurudumu.

Nasisitiza hili kwa madereva: taa ya njano ya ABS haina maana kwamba breki zimekufa. Upepo bado unapita kwenye mpira wa njano, na gari linasimama. Kilichopotea ni ulinzi wa magurudumu kukwama, na kwenye lami iliyolowa tela lililokwama huweza kukizunguka kichwa na kufunga barabara. Taa nyekundu, au mshale wa upepo unaoshuka karibu na bari 5, ni habari nyingine. Hapo simama. Nimewakuta wanaobandika plasta nyeusi juu ya taa ili isiwakere usiku, na wapo wanaoing'oa balbu. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu wanaoishi chini ya mteremko hawakuulizwa.

Hata magari madogo ya kisasa yameanza kuja na ugonjwa huu wa onyo la tela. Mkulima wa kahawa wa Mbozi anafunga tela nyuma ya SUV, gari linamwambia tela lina kasoro. Kompyuta inapima umeme unaokwenda kwenye taa za tela, na balbu za LED hula kidogo sana, hivyo inadhani balbu imeungua. Au tela halina waya wake wa ardhi, linategemea umeme urudi kupitia mpira wa chuma wa kuvutia tela, uliojaa grisi na kutu. Waya mmoja mnene kutoka fremu ya tela hadi kwenye soketi huimaliza kazi hiyo.

Nikishatengeneza, sifuti makosa kwa kompyuta nikadai malipo. Napanda pembeni ya dereva, tunakwenda upande wa Mlowo na kurudi, tunafunga breki mara kadhaa njiani. Taa ikibaki imezimika, nampa mkono, naye anaendelea kwenda Senjele.