Kesi ya ndege na kesi ya leseni: Wakili ni yule yule

UKIMTAJA wakili wa kesi za jinai, wengi wetu huwaza jambo moja tu: mshtakiwa kizimbani, mashahidi wakipanda mmoja baada ya mwingine, na mwishowe jaji akitamka kama mtu huyo ana hatia au hana. Lakini wako mawakili, hasa jijini London, Uingereza, ambao kazi yao ya kila siku haiishii katika swali hilo. Wengine huanza baada ya swali hilo kujibiwa, na wengine humaliza kabla halijaulizwa.

Mawakili hawa hushughulikia watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mtu anayetakiwa na serikali ya nchi nyingine akashtakiwe huko au akamalizie kifungo chake. Wa pili ni daktari, muuguzi, mwalimu au hata wakili mwenzao, ambaye baraza la taaluma yake linataka kumfuta katika daftari lake asifanye kazi tena.

Ukitazama juu juu, utasema kesi hizi hazihusiani hata kidogo. Moja ina pingu na tiketi ya ndege, nyingine ina leseni na cheti kilichotundikwa ukutani. Hata hivyo, wako mawakili wengi waliojenga maisha yao juu ya zote mbili, na si kwa bahati. Katika kesi ya kwanza korti huuliza: je, ni halali na ni haki kumpeleka mtu huyu huko anakotakiwa? Katika ya pili baraza huuliza: je, ni salama kwa umma mtu huyu aendelee na kazi yake? Hakuna kati ya hizo inayouliza aadhibiwe vipi. Zote huuliza afanyiwe nini kuanzia leo.

Njia ya kufika huko

Hapa Kenya wakili ni wakili. Anaweza kuandika mkataba wa shamba asubuhi na kusimama mbele ya jaji alasiri. Uingereza kazi hiyo imegawanywa mara mbili. Solisita ndiye hukutana na mteja kwanza, kukusanya hati na kuandaa faili. Wakili wa mahakamani, yule wa joho na wigi, hupewa faili hiyo ili atoe ushauri na kuitetea mbele ya majaji.

Anayetaka kuwa wakili wa mahakamani husoma shahada, kisha kozi maalumu ya uwakili, na ni lazima ajiunge na kimojawapo cha vyama vinne vya kale: Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple au Middle Temple. Wakenya hawakosekani katika historia ya vyama hivyo. Charles Njonjo, aliyekuja kuwa Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa Kenya huru, alifuzu kupitia Gray's Inn mwaka 1954.

Baada ya hapo kuna uanagenzi wa miezi 12 chini ya wakili mzoefu. Hapa ndipo wengi hukwama, kwani nafasi ni chache na waombaji ni tele. Anayepita huanza kujitegemea. Hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Yeye na wenzake hukodi ofisi kwa pamoja na kuajiri makarani ambao kazi yao ni kuwatafutia kesi na kupatana na masolisita kuhusu malipo.

Faili asubuhi, korti saa nne

Kesi zote za kuhamisha washukiwa kutoka England na Wales huanzia mahali pamoja: Mahakama ya Westminster iliyoko barabara ya Marylebone, London. Zamani zilikuwa zikisikilizwa katika mahakama maarufu ya Bow Street, iliyofungwa mwaka 2006.

Ni uwanja mzuri kwa wakili chipukizi, kwa sababu kesi ni nyingi na huenda mbio. Anaweza kupokea faili asubuhi, ashuke mahabusu kuongea na mteja kupitia mkalimani, kisha saa chache baadaye awe amesimama mbele ya hakimu. Mteja akishindwa, muda wa kuomba rufaa ni siku saba tu ikiwa anatakiwa na nchi ya Umoja wa Ulaya, na siku 14 kwa nchi nyingine nyingi.

Kazi hii huongozwa na sheria ya mwaka 2003. Wakili hana nafasi ya kuthibitisha kwamba mteja wake hakutenda kosa; hilo litaamuliwa na korti ya nchi inayomtaka. Anachotafuta ni vizuizi. Je, kitendo hicho ni kosa katika nchi zote mbili? Je, mtu huyu alikwisha kuhukumiwa kwa jambo lilo hilo? Je, anaandamwa kwa sababu ya siasa, dini au kabila? Je, atapata kesi ya haki? Je, afya yake inaruhusu? Na je, atanyongwa? Sheria hairuhusu mtu kupelekwa mahali anapoweza kuuawa kwa hukumu bila ahadi rasmi kwamba hilo halitatendeka.

Swali hilo la mwisho lilipata umaarufu mwaka 1989. Kijana Mjerumani, Jens Soering, alitakiwa Marekani kwa mauaji ya wazazi wa mpenzi wake katika jimbo la Virginia. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema kumpeleka akae miaka na miaka akingoja kuuawa kungekuwa ni kumtesa. Alipelekwa baada ya Marekani kukubali kwamba hatakabiliwa na hukumu ya kifo. Alifungwa maisha, na mwaka 2019 akaachiliwa kwa masharti na kurudishwa Ujerumani.

Karibu na kwetu iko mifano miwili. Rwanda iliiomba Uingereza iwapeleke wanaume wanne walioshukiwa kushiriki mauaji ya halaiki ya mwaka 1994. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya London ilikataa, ikisema kulikuwa na hatari kwamba hawangepata kesi ya haki. Rwanda ilirudi tena, safari hii ikiwataka watu watano, na mwaka 2017 ikakataliwa tena. Familia zilizopoteza jamaa zao zilibaki bila kesi, na washukiwa wakabaki bila kusafishwa majina.

Mfano wa pili ni wa Shrien Dewani, mfanyabiashara Mwingereza ambaye mkewe aliuawa kwa risasi Cape Town mwaka 2010 wakiwa fungate. Mawakili wake walipinga safari yake kwa miaka kadhaa kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Hatimaye alipelekwa Afrika Kusini Aprili 2014. Desemba mwaka huo huo jaji wa Cape Town alimwachilia bila hata kumtaka ajitetee, kwani ushahidi haukutosha. Kumbe kupelekwa si kuhukumiwa.

Watoto nao wamo

Wazazi wengi watataka kujua: vipi kama anayetakiwa ana watoto? Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisikiliza pamoja kesi za namna hiyo. Mama mmoja alitakiwa Poland kwa makosa ya udanganyifu yasiyokuwa mazito sana, ya miaka mingi nyuma. Majaji walikataa apelekwe kwa sababu ya watoto wake wadogo. Lakini mume na mke waliotakiwa Italia kwa biashara ya dawa za kulevya waliamriwa waende, ijapokuwa walikuwa na watoto watatu.

Funzo lake ni kwamba mtoto si ngao ya kujificha nyuma yake. Hata hivyo, korti haiwezi kufumba macho isimwone. Wakili hulazimika kuleta ripoti za shule, za madaktari na za maafisa wa ustawi wa jamii, ili mzani uwe na kitu cha kupima.

Teksi haichagui abiria

Huenda msomaji akauliza, wakili mwenye dhamiri anawezaje kumtetea mtu anayetuhumiwa kwa mabaya makubwa? Mawakili wa mahakamani wa Uingereza wana kanuni yao ya teksi. Teksi iliyo mbele ya foleni humbeba abiria anayefika, apendeze asipendeze. Vivyo hivyo wakili huchukua kesi iliyo katika fani yake akiwa na nafasi na malipo yanayofaa.

Jenerali Augusto Pinochet, aliyekuwa mtawala wa Chile, alipokamatwa London Oktoba 1998 kwa ombi la Uhispania, mmoja wa mawakili wake alikuwa Clare Montgomery. Miaka zaidi ya kumi baadaye, wakili huyo huyo alisimama upande wa pili, akiiwakilisha Sweden ilipomtaka Julian Assange. Pinochet mwenyewe hakufika Uhispania. Aliruhusiwa kurudi kwao Machi 2000 kwa sababu ya afya.

Katika kesi za leseni mambo ni hayo hayo. Wiki hii wakili anaweza kulipwa na baraza amshtaki daktari, na wiki ijayo akamtetea muuguzi dhidi ya baraza jingine.

Mtoto Jack na daktari wake

Madaktari wa Uingereza wamekuwa na baraza lao tangu sheria ya mwaka 1858. Siku hizi kesi zao husikilizwa na jopo maalumu mjini Manchester. Jopo huenda kwa hatua tatu. Kwanza, ni nini kilichotokea? Pili, je, daktari huyu leo hii anafaa kutibu watu? Tatu, kama hafai, afanyiwe nini: awekewe masharti, asimamishwe kwa muda, au afutwe kabisa?

Hatua ya pili ndiyo kitovu cha kazi ya wakili. Jopo linataka kuona kama mtu ametambua kosa lake na kujifunza. Kwa hiyo wakili mzuri huanza mapema kumwandaa mteja kutazama kosa lake bila kulikwepa: arudi darasani, afanye kazi chini ya usimamizi, aandike alichojifunza. Mteja anayekana kila kitu huku ushahidi umemlemea humpa wakili kibarua kigumu mno.

Hakuna kesi iliyowagawa watu kama ya Dkt Hadiza Bawa-Garba. Februari 2011 mtoto Jack Adcock, mwenye umri wa miaka sita, alifariki hospitalini Leicester kwa maambukizi yaliyoingia katika damu. Daktari huyo, aliyekuwa bado katika mafunzo ya utabibu wa watoto, alikuwa amerejea kutoka likizo ya uzazi. Siku hiyo kompyuta za hospitali zilikwama na majibu ya vipimo yakachelewa. Mwaka 2015 alipatikana na hatia ya kusababisha kifo kwa uzembe mkubwa, akapewa kifungo cha nje. Muuguzi aliyehukumiwa kwa kosa hilo hilo alifutwa katika daftari la wauguzi.

Mwaka 2017 jopo lilimsimamisha daktari kwa miezi 12. Baraza halikuridhika, likakata rufaa, na Januari 2018 Mahakama Kuu ikaamuru afutwe. Madaktari wenzake walikasirika, wakachanga pesa za kulipa mawakili. Agosti 2018 Mahakama ya Rufani ilirudisha uamuzi wa jopo, na mwaka 2019 akaruhusiwa kurudi kazini kwa masharti.

Wazazi wa Jack walitaka asitibu tena. Madaktari walisema kosa la hospitali nzima limebebeshwa mtu mmoja. Mahakama ya Rufani haikusema hana hatia. Hukumu ya jinai ilibaki pale pale. Ilichosema ni kwamba kupima adhabu ni jambo moja, na kupima kama mtu bado ni hatari kwa wagonjwa ni jambo jingine.

Haya yanatuhusu nini?

Yanatuhusu sana. Mnamo Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano ya kuwawezesha wauguzi wetu kwenda kufanya kazi huko. Kila muuguzi huko ni lazima awe katika daftari la baraza la wauguzi, na malalamiko ya mgonjwa mmoja yanaweza kuanzisha uchunguzi. Mwenye ndugu huko amshauri mapema ajiunge na chama kinachowapa wanachama wake mawakili, kama vile Royal College of Nursing. Barua ya baraza isijibiwe kwa hofu, usiku, peke yake.

Hata suala la kuhamisha washukiwa tunalijua. Ndugu Baktash na Ibrahim Akasha walikamatwa Mombasa mwaka 2014 kwa ombi la Marekani. Januari 2017 walisafirishwa hadi New York ilhali shauri lao lilikuwa bado kortini humu nchini. Baadaye walikiri makosa, Baktash akafungwa miaka 25 na Ibrahim miaka 23. Wengi walifurahi, na dawa za kulevya zimeua vijana wetu wa kutosha. Lakini lile swali la kwanza, kama ni halali kuwapeleka, liliachwa bila korti kulijibu. Aliyepandishwa ndege leo kwa njia hiyo ana hatia. Kesho anaweza kuwa kama Dewani.

Kwa mwanafunzi anayetamani kazi hii, njia ya hapa nyumbani ni shahada ya sheria, kisha mafunzo katika Kenya School of Law, Karen, pamoja na miezi sita ya uanagenzi, kabla ya kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Soma Kiingereza na Kiswahili kwa bidii, jizoeze kuandika kwa ufupi, na jizoeze kumsikiliza mtu usiyempenda mpaka amalize. Likizo ijayo, nenda korti za Milimani. Kesi nyingi husikilizwa hadharani na hakuna kiingilio. Keti kiti cha nyuma, usikilize jinsi wakili anavyouliza, kisha ujiulize mwenyewe ni swali gani ambalo korti inajaribu kujibu.