Kalafati ya Mabwawa

Kirongwe ni kijiji cha kaskazini ya kisiwa cha Mafia, ambako ufundi wa kuunda vyombo vya bahari umerithiwa baba kwa mwana, na kwa hiyo mtu wa huko hahitaji kuelezwa kwa maneno mengi kwamba jahazi halimalizwi siku linaposhushwa majini. Siku hiyo ni ya furaha na dua, walakini fundi mwenye kuijua kazi yake huwa amekwisha kuihesabu bamvua itakayokuja, ambapo chombo kitapwelewa mchangani kwa makusudi, kikwanguliwe chaza na mwani, kitiwe pamba na mafuta katika maungano ya mbao, kipakwe deheni chini na sifa ubavuni, ndipo kirudi kazini. Chombo kilichokosa kalafati hiyo hakizami siku ya kwanza. Huvuja kidogo, ngama hujaa kidogo, mabaharia hufua maji zaidi kidogo kuliko jana, mpaka siku moja mikono haitoshi. Nimeanza na habari hiyo kwa sababu mitambo na mabwawa ya kusafisha majitaka katika nchi zetu aghalabu hufa kifo hicho hicho cha polepole, ilhali siku ya kufunguliwa kwake utepe ulikatwa na makofi yakapigwa.

Kirongwe yenyewe haina mtambo wa namna hiyo. Watu wake, kama watu wa vijiji vingi vya pwani, hutumia choo cha shimo, na maji ya kisima hayako mbali. Ardhi ya kisiwa ni mchanga na mwamba wa matumbawe wenye vitundu kama sifongo, ambao hauzuii kitu: kinachoingia shimoni hushuka, na kilichoshuka hutembea. Wazee wetu waliokaa msikitini wakisoma fiqhi ya Imamu Shafii walijifunza mapema kuyapima maji. Waliambiwa kwamba maji yakifika kullatein, yaani kiasi cha mitungi miwili mikubwa, hayanajisiki kwa kuingiliwa na najisi, illa yabadilike rangi, au ladha, au harufu. Kanuni hiyo ina hekima kubwa, kwani inamfundisha mtu kuyatazama maji kabla ya kuyatumia. Lakini vijidudu vya kipindupindu havibadilishi rangi wala ladha wala harufu, na katika miaka ya 1869 na 1870 maradhi hayo yaliingia Unguja yakafagia watu kwa maelfu, jambo ambalo tabibu James Christie, aliyekuwa akifanya kazi huko, aliliandikia kitabu kilichochapishwa mwaka 1876. Wanazuoni nao hawakubaki nyuma: mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudi Arabia lilitoa fatwa kwamba majitaka yaliyosafishwa barabara, yakarudi katika hali yake ya asili, yametoharika.

Basi majitaka husafishwaje? Njia iliyoenea zaidi Afrika ya Mashariki ni ya mabwawa, nayo ni njia ya kustaajabisha kwa wepesi wake, kwani wafanyakazi wake ni jua, upepo na viumbe visivyoonekana. Maji hupita kwanza katika chujio la vyuma linalozuia matambara na mifuko, kisha katika mfereji unaonasa mchanga. Bwawa la kwanza lina kina cha mita 2 hadi 5 na halina hewa ndani yake. Vitu vizito huzama humo, na vijidudu vinavyoishi pasipo hewa huvila na kutoa gesi inayopanda kwa mapovu. Bwawa la pili halina kina kirefu, nalo ni la kijani, kwa kuwa mwani mdogo mno huishi humo ukitoa oksijeni mchana kutwa, na vijidudu vingine huipokea, hula uchafu, kisha huurudishia mwani hewa ya kaboni unayoitaka, kama majirani wanaopeana chumvi na moto. Katika mabwawa ya mwisho jua huviua vimelea vingi vilivyosalia, na mayai ya minyoo hutuama chini. Hakuna mota, hakuna umeme, hakuna kipuri cha kuagiza ng'ambo.

Mtu akisikia hayo hudhani kwamba bwawa halihitaji mlezi, na hapo ndipo msiba unapoanzia. Chujio lisipokwanguliwa kwa reki kila siku huziba, na maji hutafuta njia ya pembeni. Tope la bwawa la kwanza lisipotolewa likifika theluthi au nusu ya kina, nafasi ya maji hupungua, na maji yaliyopaswa kukaa siku kadhaa hupita upesi yakatoka karibu kama yalivyoingia. Nyasi zikiachwa kingoni, mbu huzaliana na mizizi huzipasua kingo. Kiwanda kikimwaga dawa kali bila ya idhini, vijidudu hufa kwa siku moja, na kuvirejesha huchukua muda mrefu. Kazi ya chujio na ya nyasi haishindi nguvu za mtu mwenye reki, panga na mshahara wa mwezi.

Dar es Salaam imeyaona haya. Jiji lina mabwawa Vingunguti, Kurasini, Mikocheni na kwingineko, na yale ya Vingunguti, yaliyo karibu na mto Msimbazi, hupokea pamoja na maji ya mabomba ya viwanda mizigo ya magari yanayonyonya vyoo vya mitaani. Katika miaka ya 1980 sehemu kubwa ya pampu za majitaka jijini zilikuwa zimesimama, ikabidi zikarabatiwe kwa mikopo. Mwaka 1997 idara ya majitaka iliunganishwa na mamlaka ya maji ikawa DAWASA, mamlaka moja ya maji na majitaka ya jiji, ili mkono unaouza maji uwe ndio unaoyapokea yakirudi yamechafuka. Nauona uamuzi huo kuwa wa busara, kwa sababu mtu hulipia maji kwa hiari, maana bila ya hayo ana kiu, ama ada ya majitaka huilipa kwa kununa, kwa kuwa madhara ya kutoilipa humfika jirani aliye bondeni. Hata wasio na bomba la majitaka, ambao ndio wengi, wanalo neno lao: mvua kubwa ikinyesha, wapo wanaotapisha choo, yaani kulitoboa shimo ili mafuriko yachukue yaliyomo. Si ujeuri mtupu. Kulikodi gari la kunyonya ni ghali, na mitaa mingine gari halipiti.

Mitambo ya mashine nayo isidharauliwe. Kampala, penye ardhi ya thamani na ziwa la kulindwa, imejengewa Bugolobi mtambo wa kupokea mita za ujazo 45,000 kwa siku, unaozalisha umeme kwa gesi ya tope lake wenyewe. Lakini shirika linalousimamia hukusanya ankara zake na lina mafundi wake. Mji usio na mfuko wala fundi ukipewa mashine kama hiyo kwa hisani, umepewa jahazi lisilo na nahodha.

Mji wa Moshi unanifurahisha zaidi. Maji yanayotoka katika mabwawa yake ya Mabogini huwafikia wakulima wa mpunga, na mkulima anayeyategemea maji hayo ni mkaguzi asiyelipwa, maana mfereji ukikauka au ukinuka yeye ndiye wa kwanza kujua.

Kwa kisiwa mfano ulio karibu zaidi ni Chumbe, kisiwa kidogo cha hifadhi karibu na Unguja, kinachopokea wageni tangu mwaka 1998 katika nyumba 7. Huko maji ni ya mvua, vyoo havitumii maji bali hugeuza kinyesi kuwa mbolea, na maji ya kuogea huchujwa kabla ya kupokewa na mimea, ili matumbawe yasiguswe. Kirongwe si hoteli, na sisemi iige kila kitu. Nasema tu kwamba kabla ya kuuliza ni choo gani kijengwe shuleni au zahanati, kamati ya kijiji iulize nani atalipakua shimo likijaa, kwa ujira gani, utakaotoka katika mfuko upi, na jina la mtu huyo liandikwe daftarini kabla ya tofali la kwanza kulazwa.