Yatima na walezi wake: Huruma pekee haitoshi, sheria nayo ifahamike

MATANGA yanapoanuliwa na jamaa waliotoka mbali kukunja mikeka yao, husalia swali moja ambalo wengi hulijibu harakaharaka: watoto wa marehemu watakwenda na nani?

Aghalabu watoto hao hugawanywa papo hapo. Kifungua mimba huenda na ami yake jijini, wa kati akatwaliwa na mjomba, naye kitindamimba akaachiwa nyanya kijijini. Hakuna anayeandika lolote. Miezi kadhaa baadaye ndipo inapodhihirika kwamba mtoto hana cheti cha kuzaliwa, kipande cha shamba la babake kimeshauzwa, na yule ami aliyejitolea hana hati yoyote ya kumwonyesha mwalimu au daktari kuwa yeye ndiye mlezi.

Si kwamba jamii zetu hazina utu. Mnamo Novemba 1999, Rais Daniel arap Moi alipotangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa, maelfu ya nyanya walikuwa tayari wanawalea wajukuu bila ya kungoja amri ya yeyote. Makadirio ya miaka ya 2000 yaliweka idadi ya mayatima nchini kuwa zaidi ya milioni mbili, na takriban nusu yao walikuwa wamefiwa kutokana na maradhi hayo. Lau si jamaa, makao yote ya watoto nchini yasingetosha hata kwa robo ya idadi hiyo.

Hata hivyo, huruma isiyokuwa na hati humwacha mtoto mikononi mwa bahati. Akibahatika, atalelewa na mja mwenye moyo. Asipobahatika, atageuzwa kijakazi katika nyumba ya jamaa yake mwenyewe huku wenzake wakienda shuleni.

Sheria inayotawala masuala haya leo ni Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua mahali pa ile ya 2001. Inatoa njia kadhaa za kumpa mtoto makazi, na njia hizo hazifanani hata kidogo, ingawa wengi huziita zote “kuchukua mtoto”.

Ya kwanza na iliyo rahisi zaidi ni ulezi. Mzazi angali hai anaweza kumteua mlezi wa wanawe kwa wosia au kwa hati rasmi. Ni jambo ambalo wazazi wengi huliepuka kwa kuona ni kujitakia mauti. Lakini mzazi, hasa aliye peke yake, anayeugua ugonjwa wa muda mrefu anafaa kulitenda mapema, kwani akiaga bila ya kumtaja mtu, jamaa ndio watakaovutana. Ikiwa hakuna aliyeteuliwa, jamaa anayemlea mtoto anaweza kuiomba mahakama imtambue kuwa mlezi. Nyanya au shangazi hahitaji kumwasili mjukuu au mpwa wake ndipo ampeleke shuleni. Amri ya ulezi humtosha.

Mlezi hageuki kuwa mmiliki wa mali ya yatima. Hapa ndipo penye donda ndugu. Sheria ya Urithi, katika kifungu cha 45, yaharamisha mtu yeyote kuingilia mali ya marehemu kabla ya kupewa idhini na mahakama, na anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh10,000, kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au adhabu zote mbili. Aidha, pale ambapo warithi ni watoto wadogo, sheria hutaka mali isimamiwe na watu wasiopungua wawili, ili mmoja asije akaila akiwa peke yake. Barua ya chifu inayowataja warithi ni hatua ya kuanzia tu, bali wapo wanaoitumia kana kwamba ndiyo hatimiliki. (Faini yenyewe, mtu asemeje, haimtishi anayemezea mate ekari mbili za shamba.)

Tuje kwa masomo. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Karo ya shule za msingi za umma iliondolewa Januari 2003, nayo serikali ikaanza kuwalipia karo ya masomo wanafunzi wa shule za upili za kutwa mwaka wa 2008. Yatima alinufaika pakubwa, maana yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufukuzwa karo ilipodaiwa.

Lakini “bure” ina mipaka yake. Sare, viatu na chakula cha mchana havimo katika hesabu hiyo. Mfano ni nyanya anayewalea wajukuu watatu kwa kuuza mboga sokoni: hana deni la karo, ila mjukuu mmoja hukaa nyumbani siku ya Jumatano kwa kuwa shati ni moja na halijakauka. Visa vya namna hii haviingii katika takwimu za walioacha shule, hadi mtoto achoke kabisa.

Ipo misaada, ila ni lazima iombwe. Mpango wa serikali wa kuwapa fedha walezi wa mayatima ulianza kwa majaribio mwaka wa 2004 ukiwa na familia 500 pekee, kila moja ikipokea Sh500 kwa mwezi. Siku hizi mpango huo umo chini ya Inua Jamii na familia hupokea Sh2,000 kwa mwezi. Fedha hizo hutolewa kwa nyumba, si kwa mtoto. Anayelea yatima mmoja na anayelea sita hupata kiasi sawa. Isitoshe, hazifiki kwa wakati kila mara. Kuna pia basari za Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge, iliyoanzishwa 2003, basari za kaunti, na ufadhili wa mashirika kama ule wa Wings to Fly ulioanza 2010. Karibu zote hudai vyeti vya vifo vya wazazi na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Mlezi aliyevipuuza vyeti hivyo wakati wa msiba huja kuvitafuta kwa machozi siku moja kabla ya fomu kufungwa. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Wengi huhifadhi kibali wakidhani wamemaliza kazi.

Je, mtoto asiyekuwa na jamaa wa kumpokea atakwenda wapi? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa makao ya watoto. Yaliongezeka kwa kasi, mengine yakiendeshwa kwa moyo safi na mengine yakiwa kitega uchumi kwa kutumia picha za watoto. Ikaja kubainika kwamba wengi wa waliomo si mayatima kamili: wana mama, baba au jamaa aliye hai, na kilichowafikisha humo ni umaskini. Novemba 2017 serikali ilisitisha usajili wa makao mapya. Mwaka wa 2022 ikazindua mkakati wa miaka kumi wa kuwaondoa watoto makaoni na kuwarudisha katika familia.

Ndipo malezi ya muda yanapopata umuhimu. Katika mpango huu, mtoto hukabidhiwa familia isiyo ya jamaa zake, iliyochunguzwa na kuidhinishwa, naye afisa wa watoto huitembelea kumkagua. Mzazi mlezi humlisha, humvisha na kumsomesha, lakini hapati haki ya kumbadilisha mtoto jina, wala hawezi kumtoa nchini bila ya idhini ya mahakama. Lengo ni mtoto arudi kwao hali ikitengenea, au apate makazi ya kudumu. Anayejitolea kwa kazi hii yafaa aingie akijua kwamba huenda akampenda mtoto kisha akatakiwa kumrudisha. Ni kazi ngumu kuliko wengi wanavyodhani, na ndiyo sababu moja ya walezi wa aina hii kuwa wachache nchini.

Kwa Waislamu, sheria ya 2022 inatambua kafala (isichanganywe na ile kafala ya ajira katika nchi za Ghuba). Dini ya Kiislamu haikubali mtoto afutiwe nasaba yake. Kwa hivyo anayepokelewa huendelea kuitwa kwa jina la babake. Harithi moja kwa moja kutoka kwa mlezi, ila mlezi anaweza kumuusia sehemu isiyozidi thuluthi moja ya mali yake. Kutambuliwa kwa utaratibu huu kumewaondolea familia nyingi za Pwani na Kaskazini Mashariki mashaka ya kulea kwa njia ambayo sheria haikuwa ikiitaja.

Njia ya mwisho ni uasili, nao ndio mzito kuliko zote. Mtoto aliyeasiliwa huwa mwana kamili, mwenye haki ya kurithi sawa na waliozaliwa nyumbani humo, na uhusiano wa kisheria kati yake na wazazi waliomzaa hukatika.

Mwombaji huanzia kwa shirika la uasili lililosajiliwa, wala si kwa makao ya watoto na wala si hospitalini. Ikiwa si jamaa wa mtoto, ni lazima awe ametimiza umri wa miaka 25, asizidi 65, na amzidi mtoto kwa angalau miaka 21. Mtoto naye sharti awe amepita wiki sita tangu kuzaliwa na atangazwe kuwa huru kuasiliwa. Wanaotangazwa hivyo ni pamoja na wale ambao mzazi ametoa kibali, na walioachwa ambao polisi wamethibitisha kuwa juhudi za kuwasaka wazazi hazikufua dafu. Hapo mtoto huishi na mwombaji kwa miezi mitatu mfululizo kabla ya ombi kufikishwa katika Mahakama Kuu. Mahakama humteua mtu wa kutetea maslahi ya mtoto na kupokea ripoti za wakaguzi kabla ya kutoa uamuzi.

Mwendo huo huwachosha wengi, na hapo ndipo walanguzi hupenyeza miguu. Kumlipa mtu ili akupe mtoto ni uhalifu, hata kama malipo hayo yameitwa “ada ya hospitali”. Hati ya kiapo iliyogongwa muhuri na wakili haimfanyi mtoto kuwa wako. Mzazi wake halisi akijitokeza miaka mitano baadaye, huna pa kusimama. Hofu ya ulanguzi ndiyo iliyolifanya Baraza la Mawaziri kusitisha uasili wa watoto wa Kenya na raia wa kigeni mnamo Novemba 2014.

Kwa aliye na yatima nyumbani hivi sasa bila ya karatasi yoyote, pa kuanzia ni ofisi ya afisa wa watoto katika kaunti ndogo yake. Aende na nakala za vyeti vya vifo vya wazazi, cheti cha kuzaliwa cha mtoto kama kipo, kitambulisho chake mwenyewe, na barua ya chifu. Jirani anayeshuku kwamba yatima anateswa au amenyimwa shule anaweza kupiga simu nambari 116 bila malipo, wala halazimiki kujitaja jina.