Chuo kimekubali, mkopo bado: hesabu ya mzazi kabla ya kuthibitisha

Ujumbe wa chuo ukiingia kwenye simu, ndani ya dakika chache ukoo mzima unajua. Kwenye kundi la WhatsApp la familia shangazi anaandika "hongera daktari wetu", mjomba anatuma picha ya keki, na kijana mwenyewe bado hajasema neno. Amekubaliwa vyuo vitatu. Anatakiwa kuthibitisha kimoja, siku zinahesabika, na Bodi ya Mikopo bado haijatangaza chochote.

Hapo ndipo familia nyingi hujikwaa, na si kwa uzembe. Kalenda yenyewe ndiyo iliyokaa vibaya.

Tangu mwaka wa masomo 2017/18, mwombaji wa shahada nchini hutuma maombi moja kwa moja chuoni badala ya kupitia mfumo wa pamoja wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kukubaliwa vyuo viwili au vitatu. Aliyepata zaidi ya kimoja lazima athibitishe anakokwenda, kwa namba maalumu ya siri inayotumwa kwenye simu, ndani ya muda uliopangwa. Awamu ya kwanza mara nyingi hufungwa Septemba. Orodha ya kwanza ya waliopangiwa mikopo mara nyingi hutoka Oktoba, vyuo vikikaribia kufunguliwa au vikiwa vimeshafunguliwa.

Maana yake mzazi anachagua bidhaa kabla ya kujua ana shilingi ngapi mfukoni.

Chukua mfano wa binti aliyesoma PCB. Chuo binafsi kimempa udaktari wa binadamu, miaka mitano. Chuo cha umma kimempa uuguzi, miaka minne. Kingine cha umma kimempa ualimu wa sayansi, miaka mitatu. Kwenye kundi la familia swali halipo kabisa: ni udaktari.

Lakini kozi nyingi katika vyuo vya umma zina ada ya kati ya Sh1 milioni na Sh2 milioni kwa mwaka, wakati udaktari katika vyuo binafsi hupita Sh5 milioni. Tuseme ada ya udaktari ni Sh6 milioni na mkopo wa ada ukaja Sh2.5 milioni. Pengo ni Sh3.5 milioni kila mwaka, Sh17.5 milioni hadi amalize. Kwenye uuguzi, tuseme ada ni Sh1.5 milioni na mkopo ni Sh1 milioni. Pengo ni Sh500,000, au Sh2 milioni kwa miaka yote minne. Namba za mikopo hapa ni za mfano tu, lakini hesabu ya aina hii huweza kufanywa mezani kwa kalamu, usiku mmoja, kabla ya kubonyeza namba ya siri.

Kosa la kawaida ni kuhesabu mwaka wa kwanza peke yake. Mwaka wa kwanza huwa na sherehe, michango ya ukoo, pengine ng'ombe au kiwanja kimeuzwa. Mwaka wa tatu hauna mchango. Ndipo vikoba vinapoelemewa, na mama anajikuta kwa wakopeshaji wa "kausha damu" ili mtoto aruhusiwe kuingia kwenye chumba cha mtihani.

Mkopo nao haumaanishi kulipiwa kila kitu. Bodi hugawa kwa mafungu: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo. Wawili waliokaa dawati moja wanaweza kupata viwango tofauti kabisa, kwa kuwa Bodi huangalia hali ya kaya na kozi yenyewe. Kwa hiyo jirani aliyepata asilimia mia si kipimo. Salama zaidi ni kupanga kana kwamba utakuja nusu, kisha ukija zaidi iwe nafuu.

Nyaraka ndizo zinazoamua mengi. Cheti cha kuzaliwa, au cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, kinahitaji kuhakikiwa na Rita, na foleni ya uhakiki huwa ndefu watu wote wakikumbuka wiki moja. Dirisha la mkopo mara nyingi hufunguliwa Juni, kabla hata matokeo ya kidato cha sita hayajatoka, kwa hiyo anayesubiri matokeo ndipo aanze kutafuta vyeti ameshachelewa. Asiyeridhika na kiwango alichopangiwa anaweza kukata rufaa dirisha hilo likifunguliwa, akiambatisha ushahidi wa hali ya kaya. Rufaa ya maneno matupu haina uzito.

Kwa waliofaulu sana masomo ya sayansi kuna Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23. Huu ni ufadhili, hauna deni, lakini umefungwa kwenye kozi za sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba. Anayeustahili akithibitisha kozi iliyo nje ya hizo, anauacha mezani.

Mkopo, kwa upande wake, ni deni. Mhitimu hupewa miaka miwili baada ya kumaliza, kisha aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Nafuu ilikuja Julai 2021, ilipofutwa tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikilimbikizwa juu ya deni kila mwaka. Lakini deni halifutiki kwa mwanafunzi kuondolewa chuoni njiani.

Na wapo wanaoondolewa. Miaka ya mwanzo ya udaktari ni anatomia, fiziolojia na baiokemia, mambo ya kukesha. Aliyeingia kwa sababu ya keki ya mjomba ana kazi ngumu mara mbili. Kwanza ni sapu moja, halafu mbili, halafu neno ambalo hakuna mwanafunzi anayetaka kulisikia: kudisko. Familia nyingi huja kujua mtoto akiwa ameshaacha kupokea simu.

"Mama, mimi maiti sitaiweza," binti anasema jikoni.

"Utazoea, mwanangu. Wote walizoea."

Pengine kweli atazoea. Lakini sentensi hiyo ilistahili kuulizwa swali la pili, na swali la tatu, kabla ya kufunikwa. Kijana anayeogopa maiti anaweza kuipenda maabara au famasia. Na hoja ya "daktari hakosi kazi" imeshachakaa: wapo madaktari waliomaliza miaka mitano na mwaka mzima wa utarajali, bado wanasubiri ajira. (Uuguzi ukitajwa kwenye vikao vya ukoo mtu husema "hiyo nayo si mbaya". Akilazwa wodini, nesi ndiye anayemwita usiku kucha.)

Ipo pia njia ambayo wenye shahada vichwani huipita bila kuitazama: stashahada. Kozi za afya za ngazi hiyo huchukua miaka mitatu, na tangu 2023/24 baadhi zinakopesheka kupitia Bodi. Tabibu au muuguzi mwenye stashahada anaweza kurudi kusoma shahada baadaye, akiwa na kipato chake.

Chochote kitakachochaguliwa, wiki za kwanza chuoni humkuta mzazi peke yake. Posho ya kujikimu, ambayo wanafunzi huiita bumu, ni Sh10,000 kwa siku tangu 2022/23, lakini huja kwa awamu na baada ya mwanafunzi kusajiliwa na kusaini. Kusajiliwa nako kunadai sehemu ya ada isiyofunikwa na mkopo, na bima ya afya, Sh50,400 kwa mwaka kwa asiye na bima nyingine. Akikosa hosteli kuna gheto la mtaani, na wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Godoro, ndoo, jiko dogo la gesi. Kwa aliyechagua afya, ongeza koti jeupe. Fedha hizo zinatakiwa ziwepo kabla basi halijaondoka, na hakuna orodha ya Bodi itakayozileta mapema.