Kwa nini mtandao wa Bofu hauhitaji ramani ya dunia nzima

Mkaazi wa Bofu anayekwenda Nairobi hahitaji kujua kila kona ya barabara akiwa bado nyumbani. Anachohitaji ni njia ya kufika feri, akishavuka, ataelekezwa. Ndivyo ninavyowaeleza vijana ninaowafunza kusambaza intaneti mitaani, wakikwama kwenye OSPF.

OSPF ni utaratibu wa ruta kutafutia data njia. Toleo la pili limeelezwa katika RFC 2328 ya 1998, iliyoandikwa na John Moy. Kila ruta hutangaza viungo vyake, na ruta zote za eneo moja hushika ramani ile ile. Kiungo kikikatika, hesabu huanza upya. Ruta ya bei nafuu iliyo juu ya paa hulemewa, ndiyo sababu mtandao mkubwa hugawanywa maeneo. Eneo 0 ni uti wa mgongo. Mengine huungana nalo kupitia ruta ya mpakani.

Eneo la kawaida hupokea hata matangazo ya njia zilizo nje ya OSPF. Eneo la stabu hukataa hizo za nje. Badala yake ruta ya mpakani hulipa njia moja ya jumla: usichokijua, niletee mimi. Mtaa wenye mlango mmoja, hiyo yatosha.

Sharti lake lilinitoa jasho. Ruta zote za eneo lazima zikubaliane kuwa ni stabu. Niliwahi kubadilisha upande mmoja nikasahau wa pili. Ruta zikakataana na wateja wakalala bila intaneti, mimi nikihangaika na nyaya zisizo na kosa.

Na mlango wa pili ukipatikana? Barabara ya Dongo Kundu ilipofunguliwa, mtu wa Likoni aliweza kutokea Miritini bila feri. Mteja wa Bofu naye akileta laini ya kampuni nyingine, njia zake haziwezi kutangazwa ndani ya stabu. Hapo tumia NSSA, iliyoelezwa katika RFC 3101 ya 2003. Njia zake hutangazwa kwa aina ya 7, na ruta ya mpakani huzigeuza aina ya 5 kabla ya kuzipeleka eneo 0. Za nje kutoka ng'ambo bado haziingii. Ila kwa ruta nyingi njia ya jumla haiji yenyewe kwenye NSSA. Ni lazima uiamuru kwenye ruta ya mpakani.