Molière alisomea mikoani

Vijana wa Mjimwema wanaoigiza vichekesho na kuvirekodi kwa simu wana wimbo mmoja: hapa Songea hatutoki, mpaka twende Dar. Nawaelewa. Safari yenyewe ni zaidi ya kilomita 900 kupitia Njombe na Makambako, na wenye studio na fedha za udhamini wengi wako mwisho wa barabara hiyo. Lakini kabla hawajakata tiketi, ningependa wayajue maisha ya Mfaransa mmoja aliyeanza na jiji kuu, likamshinda.

Jean-Baptiste Poquelin alizaliwa Paris mwaka 1622. Baba yake alikuwa fundi wa samani na mapambo ya nyumba mwenye cheo katika nyumba ya mfalme, na alitaka mwanawe akirithi. Kijana alisomeshwa kwa Wajesuiti, akasoma na sheria. Mwaka 1643, akiwa na miaka 21, aliviacha vyote akaungana na akina Béjart kuanzisha kikundi cha maigizo. Muda si mrefu akajiita Molière. Watazamaji hawakuja, madeni yakaja. Mwaka 1645 aliwekwa ndani, na miongoni mwa waliomdai alikuwemo muuza mishumaa iliyoangazia jukwaa.

Alipotoka, yeye na wenzake walifunga mizigo wakaenda mikoani. Walikaa huko takribani miaka 13, wakizunguka hasa kusini mwa Ufaransa, wakiigiza popote walipopata nafasi. Huko aliigiza, akaongoza kikundi, akaanza kuandika; mjini Lyon akaonyesha *L'Étourdi*, futuhi yake ndefu ya kwanza. Mtu wa ukoo wa kifalme aitwaye Conti aliwafadhili kwa muda, kisha akashika dini kwa ukali, akawaondolea jina lake na fedha zake. Kikundi chochote cha sanaa kilichowahi kuachwa na mfadhili katikati ya msimu kinajua uchungu huo. Wao waliendelea.

Tarehe 24 Oktoba 1658 walisimama mbele ya Mfalme Louis XIV mjini Paris. Walianza na tanzia ya Corneille, mwandishi mkubwa wa wakati huo, na haikumsisimua mtu sana. Molière akasogea mbele, akaomba ruhusa ya kuonyesha kichekesho kidogo, mojawapo ya vile walivyozoea kuigiza mikoani. Mfalme alicheka, na kikundi kikapewa ukumbi. Tanzia yenye heshima ya jiji ilikaribia kuwarudisha walikotoka. Kilichowaokoa ni kichekesho walichokipika njiani, mbele ya wanakijiji na wafanyabiashara wa minadani, watu ambao wasipofurahi huondoka zao.

Kazi iliyofuata aliifanya kwa miaka 15 tu. *Tartuffe* ya mwaka 1664 inamhusu mtu anayejifanya mcha Mungu, anaingia katika nyumba ya tajiri Orgon, anakabidhiwa mali na kuahidiwa binti, huku akimtamani mke wa mwenyeji wake. Mke anamficha mumewe chini ya meza ili asikie kwa masikio yake. Watu wa dini walikasirika, mchezo ukapigwa marufuku, na Askofu Mkuu wa Paris akatishia kuwatenga na Kanisa watakaouigiza au kuutazama. Molière aliuandika upya, akamsihi mfalme tena na tena, hadi ruhusa ikatoka mwaka 1669. Mimi nauona huo ndio ujasiri mkubwa kuliko wote aliouonyesha, kwa sababu angeweza kuandika kichekesho kingine kisichomuudhi mtu akala kwa amani.

Mchezo huo tunao kwa Kiswahili. L. Taguaba aliutafsiri kwa jina la *Mnafiki*, na Tanzania Publishing House ikauchapa mwaka 1973. Kabla yake A. Morrison alikwisha kutupatia michezo mingine ya Molière: *Mchuuzi Mwungwana* na, tangu miaka ya 1940, *Tabibu Asiyependa Utabibu*.

Huyo tabibu ndiye ningependa kumwona Mjimwema. Ni mkata kuni mlevi anayempiga mkewe. Mke analipiza kisasi kwa kuwaambia watumishi wawili wanaotafuta daktari kwamba mumewe ni bingwa wa tiba, ila ana kichaa cha kukana mpaka atandikwe. Wanamtandika. Anakubali udaktari, anavaa joho, anapelekwa kwa binti aliyekuwa bubu ghafla. Anabwabwaja Kilatini cha uongo, anaupeleka moyo upande wa kulia, na anapoulizwa anajibu kwamba utaratibu wa zamani ulikwisha badilishwa. Binti mwenyewe haumwi kitu. Anakataa kuozwa asiyempenda. Mkata kuni huyo mpeleke kwenye miteremko ya Matogoro, mpe msamiati wa mitaa yetu, na hakuna mtu Songea atakayeuliza Ufaransa iko wapi. Wangoni wanaijua kejeli ya namna hii tangu zamani: katika ngoma ya lizombe mtu husemwa hadharani.

Tarehe 17 Februari 1673 Molière, akiwa mgonjwa wa kifua, aliigiza nafasi ya mtu anayejidhania mgonjwa. Kikohozi kilimbana jukwaani. Alimaliza mchezo, akabebwa nyumbani, akafa usiku ule kabla padri hajafika. Waigizaji wa wakati huo hawakuzikwa na Kanisa bila kwanza kuikana kazi yao, na yeye hakuwa ameikana. Mjane wake, Armande, alikwenda kumwangukia mfalme ndipo mazishi yakaruhusiwa, usiku, bila fahari.

Hata kwetu wapo waliothibitisha kwamba mkoa haumzuii mtu. Amri Athumani, King Majuto, aliyefariki Agosti 2018, alichekesha nchi nzima huku maskani yake yakiwa Tanga. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, aliandika *Alikiona* akichota katika vichekesho vya pwani vilivyoonyeshwa kati ya nyimbo za taarabu.

Kwa hiyo, vijana wa Mjimwema, nawaomba muanze na *Tabibu*. Isakeni tafsiri ya Morrison maktabani, na mkitaka kuitumia muwaombe wenye haki nayo. Mkiikosa, tafuteni anayejua Kifaransa mtafsiri upya, kwa maana Molière mwenyewe hamdai mtu ruhusa tena. Kisha msiishie Songea mjini. Uzungusheni mchezo Mbinga, Namtumbo na Tunduru kabla ya kuifikiria Dar. Wahusika ni 11, na vifaa ni mzigo wa kuni, chupa, fimbo na joho. Ukumbi wa shule unatosha.