Mashine ya kusaga isiamke yenyewe

Wenzetu wa uhandisi wa umeme wakirudi kutoka fildi, wengi hujisifu kwa jambo moja: "Nimefunga stata." Ukiwauliza stata ina kazi gani, wanakwambia ni ya kuwasha na kuzima mota. Sawa, lakini hiyo hata swichi ya mkono inaifanya, tena kwa bei ndogo. Wenye mashine nao huwaza hivyo hivyo. Koili ya kontakta ikiungua, fundi wa jirani anaing'oa yote, anafunga swichi ya mkono, mota inazunguka, watu wanasaga. Hakuna anayelalamika mpaka umeme ukatike.

Chukua mashine ya kusaga mahindi ya mtaani: mota ya hosipawa 10, umeme wa njia tatu, volti 400. Uniti za Luku zinaisha katikati ya debe. Kijana anayesaga hagusi swichi, maana mashine si imeshazima? Anafungua mfuniko na kuingiza mkono asafishe chekeche au ageuze nyundo zilizolika upande mmoja. Wakati huo huo mwenye mashine amenunua uniti kwa simu, yuko nje kwenye mita, anaingiza zile tarakimu 20. Umeme unarudi. Swichi bado iko pale pale ilipoachwa. Mota ya aina hiyo huzunguka kama mara 1,450 kwa dakika, na kwa ajili ya puli nyundo huenda kasi zaidi ya hapo.

Stata iliyofungwa vizuri inazuia hili kwa njia rahisi sana, ambayo hata ndugu zangu wa sheria na ualimu wataifuata. Kontakta ni swichi inayovutwa na sumaku. Koili yake ikipata umeme inavuta chuma, chuma kinabana ncha tatu kubwa, na fezi zote tatu zinafika kwenye mota. Koili ikikosa umeme, springi inarudisha chuma na mota inakatika. Kitufe cha kijani kinapeleka umeme kwenye koili, ila ukikiachia tu kinafunguka. Kingekuwa peke yake ungekaa umekibonyeza tangu asubuhi hadi jioni. Ndiyo maana pembeni mwa kontakta kuna ncha ndogo, kwa kawaida zimeandikwa 13 na 14, zinazofungwa sambamba na kitufe hicho. Kontakta ikivuta, nazo zinashikana, na koili inajilisha yenyewe. Hapo kidole kinaweza kwenda zake.

Umeme ukikatika, koili inaachia, 13 na 14 zinaachana. Ukirudi unakuta njia zote mbili ziko wazi: kijani hakijabonyezwa, na ncha hazijashikana. Mashine inakaa kimya mpaka mtu aje aibonyeze. (Pampu ya maji ya hosteli ni habari nyingine. Ile tunataka iamke yenyewe usiku wa manane, kwa hiyo hufungwa na swichi ya boya kwenye tangi, na sehemu zake zinazozunguka lazima zifunikwe muda wote.)

Kitufe chekundu nacho kina hekima yake. Muda wote kimeshikana, umeme wa koili unapita ndani yake, na ukikibonyeza ndipo kinakata. Kwa nini kisiwe kinyume, yaani ukibonyeza ndipo kipeleke amri ya kuzima? Mfikirie panya. Akitafuna waya wa kitufe hiki, mota inasimama palepale na utajua kuna tatizo. Kingekuwa cha aina ile nyingine, waya ungekatika leo na wewe ungegundua siku unapohitaji kuzima haraka.

Kwenye njia hiyo hiyo ya koili kuna ncha 95 na 96, za ovalodi. Hapa ndipo mafundi wengi wananikera. Mota ya hosipawa 10 ikiwa na mzigo kamili inakula karibu ampea 15, lakini ikiwashwa moja kwa moja huruka hadi mara sita au saba ya hapo kwa sekunde chache. Fyuzi lazima iuvumilie mruko huo, kwa hiyo haiwezi kuilinda mota inayokula ampea 20 kutwa nzima. Ovalodi inaweza: vibati vyake hupinda polepole kwa joto hadi vikate. Fezi moja ikipotea mota inayozunguka huendelea kuzunguka, ikizielemea mbili zilizobaki, na bila ovalodi utasikia harufu ya vanishi kabla hujaona moshi. Halafu anakuja mtu anaunga 95 na 96 kwa kipande cha waya. Nimekuta hivyo zaidi ya mara moja, na maelezo ni yale yale: "Ilikuwa inasumbua." Inasumbua kwa sababu beringi imekauka, au mkanda umekazwa mno, au mahindi ni mabichi.

Mota kubwa huwashwa kwa nyota kisha delta, na hapo soma kibati cha mota kwanza. Kilichoandikwa 400/690 kinakubali delta kwenye umeme wetu. Cha 230/400 kifungwe nyota tu, ukikipa delta umeunguza. Kwa nyota, umeme wa kuanzia unashuka hadi theluthi moja, ila nguvu ya kuzungusha nayo inashuka vivyo hivyo, kwa hiyo mahindi yasimiminwe kabla mota haijahamia delta. Ovalodi ikifungwa ndani ya delta iseti kwa 0.58 ya ampea za kibati: 15 inakuwa 8.7. Ukiiacha kwenye 15, ni pambo.

Kabla ya kufunga boksi, toa mkanda, washa mota, kata umeme kwenye swichi kuu, kisha urudishe bila kugusa kijani. Mota ikizunguka, kuna waya umeuweka sipo. Rudi kwenye 13 na 14.

Hata ikikaa kimya, stata haimzuii mtu mwingine kuja kubonyeza kijani wakati mwenzake ameinama kwenye chekeche. Kwa hiyo mwombe mwenye mashine anunue swichi kuu yenye tundu la kufuli. Kufuli la kawaida la dukani linatosha, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayeingiza mkono.